Ndimi za Plastiki za Mwalimu Mgalula

Ndugu zangu wa maabara, siku ile ya kuniaga mlisema nisiondoke na mambo yote kichwani, niache kidogo kwenye karatasi. Nina wiki tano nyumbani sasa. Nimepalilia bustani ambayo haikuwa na magugu, nimepanga upya sufuria za mkwe wangu mpaka akaniomba kwa adabu nitafute shughuli nyingine. Kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa; vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na zaidi ya hapo hakuna la kuwafundisha. Nitaeleza habari za kifaa kimoja ambacho wengi wenu mmekiona kabatini, lile sanduku la mbao lenye matundu kumi juu yake, mkadhani ni filimbi iliyoharibika.

Mimi ni mtoto wa Bukene, wazazi wangu walikuwa wakulima na warina asali. Nilifika Tabora kwa treni ya Mwanza miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nikiwa na sanduku la bati, barua ya padri na viatu vilivyokuwa vya dada yangu, namba moja zaidi ya mguu wangu. Barua ilisema nimepata kazi ya msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari. Kwetu neno maabara lilikuwa na maana moja tu, chumba cha hospitali wanapotoboa watu vidole. Nilijiandaa njia nzima kuona damu. Nilipofunguliwa mlango nikakuta meza ndefu, waya, betri na mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa shaba, nikauliza wagonjwa wako wapi. Akaniambia watakuja saa mbili na nusu, wako arobaini, na ugonjwa wao ni kutofanya mazoezi ya nyumbani.

Huyo ndiye Mwalimu Mgalula, mwalimu wa fizikia, mtu wa Sikonge, Mmoraviani wa kuzaliwa, mwenye sauti nzito iliyofanya hata salamu isikike kama hukumu. Siku ile ya kwanza alinipa mirija hamsini ya kioo nioshe. Nilivunja minne. Vipande nikavificha kwenye mfuko wa aproni, nikaendelea kuosha huku nikitembea kwa tahadhari kama mama mjamzito. Mwishowe kipande kimoja kikatoboa nguo na kunichoma pajani, nikaguna. Mwalimu hakuinua hata kichwa.

"Ndugu Kalunde," alisema, "hapa kilichovunjika kinawekwa mezani, kinaonekana na wote, kisha kazi inaendelea. Mfukoni kitakukata wewe peke yako."

Nilitoa vipande vyote vinne. Nawaambia hili kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sikupewa mafunzo mengine yaliyonifaa kama hayo, ingawa nilihudhuria semina nyingi zenye chai.

Enzi zile vifaa viliagizwa kwa barua, na barua zilijibiwa kwa barua. Tulikuwa na mafaili mazito ya majibu ya heshima na kabati tupu. Siasa ilikuwa ya kujitegemea, na Mwalimu Mgalula aliichukua kwa uzito wake wote. Aliona aibu kufundisha watoto kujitegemea huku yeye akisubiri kifurushi bandarini. Tulitengeneza mizani kwa vifuniko vya makopo, na mashine ya kupimia mvuto kwa baiskeli iliyokatwa katikati. Mtu aliyekatiwa baiskeli hiyo alikuwa mlinzi wa shule, na alikubali kabla ya kuambiwa itakatwa.

Vitu vya umeme tulivipata kwa Mzee Nasoro, fundi redio, nyuma ya soko. Ukoo wake ulikuwa wa Waarabu wa Omani waliofika Unyanyembe na misafara ya biashara, na katika duka lile babu yake aliuza nguo. Yeye alipoona nguo zote zimehamia duka la ushirika, alitundika mifupa ya redio mahali pa kanga na kuendelea na maisha. Kila nilipoingia nilisema, shikamoo Mzee, naye alijibu, marahaba mwanangu, leo mnataka kuharibu nini? Kisha alinimiminia kahawa, akanikalisha kwenye kigoda, na kunionyesha kitu kimoja. Siku moja namna ya kulehemu bila kuunguza waya, siku nyingine jinsi valvu, ile taa ya kioo ndani ya redio za zamani, inavyouchukua umeme mdogo na kuukuza. Hakuna cheti chochote kinachosema nilisoma kwa Mzee Nasoro, lakini nusu ya kazi yangu ilitoka pale kigodani.

Ndimi zilianza kiangazi cha mwaka wangu wa tatu. Mnajua hewa ya Tabora mwezi wa Agosti, midomo inapasuka na kitana kinavuta nywele chenyewe. Mwalimu alikuwa amenunua shati jipya, na ile plastiki nyembamba iliyolifunika ilimganda mkononi. Akaitingisha, ikagoma kutoka. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alisahau shati, akakaa na plastiki mpaka kipindi cha mwisho.

Kanuni yake si ngumu. Vitu viwili vyenye umeme wa aina tofauti vinavutana. Vikiwa mbali, mvuto huo ni mdogo sana, hauwezi kumtikisa hata nzi. Lakini vikikaribiana mpaka vitenganishwe na utando mwembamba tu, mvuto unakuwa wa kushangaza. Basi tulikata kipande cha plastiki upana wa kidole, juu yake tukabandika karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, tukakipinda kidogo, tukakishikiza ncha moja juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Tulichukua betri kubwa za redio za zamani, zile za volti tisini, tukaunga tatu pamoja. Waya mmoja kwenye karatasi ya fedha, mwingine kwenye bamba. Ukiwasha, kile kipande kinajilaza chote juu ya bamba kama mbwa aliyekemewa, na mlio mdogo unasikika, ta. Ukizima, kinainuka tena. Hakuna sumaku, hakuna koili, hakuna cha kuagiza. Wanafunzi walikiita ulimi, na jina likakaa.

Nta ilikuwa mchango wangu. Umeme ulikuwa unatoroka mahali plastiki ilipotoboka, na Mwalimu alitafuta kitu cha kuuzuia, akataja majina ya dawa za viwandani ambazo tungezipata baada ya barua nyingine kumi. Nilimwambia kwetu Bukene kuna nta ya nyuki, na maji hayaipendi. Tukaijaribu ile ya sokoni, ikashika kazi vizuri. Nilijivuna wiki nzima. Pia tuliweka kizuizi kikubwa kwenye waya ili anayegusa asirushwe. Kilikuja baada ya mimi kurushwa, na ndiyo maana sikusahau kukiweka tena.

Mwanzoni ndimi zilikuwa za kufurahisha darasa tu. Tulitengeneza kipepeo cha karatasi kilichopiga mbawa, na bendera ndogo iliyopanda na kushuka. Kazi ya maana ilikuja kwa njia ambayo sikuipenda.

Kwa muda mrefu Mwalimu alikuwa ananiuliza mita inasoma ngapi. Nilifikiri ananipima. Nilijibu kwa fahari, mbili nukta tano Mwalimu, tatu kasorobo Mwalimu. Kisha siku moja akamimina maji pembeni ya bika la kioo, si ndani, akaendelea kumimina. Nilimshika mkono. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoka. Alikaa kwenye stuli, akavua miwani, akanieleza kwamba alikuwa amepimwa hospitalini Kitete, ana presha ya macho, kuona kwa pembeni kumekwisha ondoka na kwa katikati kuko njiani. Daktari hakumficha. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Niliumia sana, na nikasema maneno ya kijinga ya kumfariji, kwamba labda dawa itapatikana. Aliniacha nimalize, kisha akaniomba nifute maji.

Nusu mwaka baadaye Mkuu wa shule naye alijua, kwani mwanafunzi mmoja alipewa alama zisizo zake katika majaribio ya vitendo na mzazi akalalamika. Mkuu alikuwa mtu mwema na alimpenda Mwalimu, lakini ilimbidi kuandika. Jibu safari hii halikuchelewa. Mkaguzi angekuja baada ya likizo kuona kama Mwalimu anaweza kusimamia vitendo vya fizikia. Akishindwa, ataondolewa darasani na kupewa stoo ya majembe ya shamba la shule.

Mwalimu aliipokea habari ile kwa utulivu uliotutisha. Alisema majembe hayana kosa lolote, ila hayaulizi maswali. Baada ya hapo kwa siku tatu hakutania mtu, na kwa aliyemjua, hicho kilikuwa kilio.

Jambo lililotufungua macho, na nisameheni kwa usemi huo, yeye mwenyewe aliupenda, lilikuwa kipepeo. Nilikuwa nakijaribu mezani, naye alikuwa ameegemea, kidole chake kimegusa ubawa. Kabla sijaona chochote akasema, umelala. Kisha, umeamka. Nikawasha na kuzima bila mpango, naye akafuatisha, umelala, umelala bado, umeamka, bila kukosea hata mara moja. Halafu tukaanza kuongea kwa pamoja.

Mpango ulikuwa hivi. Ulimi mgumu unahitaji umeme mwingi ili ulale, na ulimi laini unalala kwa umeme kidogo. Tukipanga kumi, kuanzia laini hadi mgumu, idadi ya zilizolala itatuambia ukubwa wa umeme. Tatizo ni kwamba majaribio ya shule yanatumia volti chache tu, nazo haziwezi kulaza hata ulimi mmoja. Nikaenda kwa Mzee Nasoro na kumweleza shida bila kuzunguka. Hakuuliza leo tunataka kuharibu nini. Aliinuka, akashusha redio yake mwenyewe kutoka rafuni, ile aliyosikilizia taarifa ya habari, akatoa valvu na kunikabidhi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa.

"Mwambie Mwalimu habari nitazisikia kwa majirani," alisema.

Kwa valvu ile volti moja ya darasani ilitosha kulaza ulimi wa kwanza, mbili zikalaza wa pili, hadi kumi. Juu ya kila ulimi tulisimamisha mwiba wa nungunungu, mwepesi na usiopitisha umeme, ukachungulia kwenye tundu la sanduku. Ulimi ukilala, mwiba unazama. Mwalimu alipitisha vidole juu ya matundu na kuhesabu iliyozama. Ilimchukua wiki mbili kujifunza kutokandamiza. Mwanzoni alikuwa akizilaza ndimi mwenyewe na kutangaza volti tisa mahali ambapo hapakuwa na betri. Mwishowe alizigusa kama mtu anayeonja chai ya moto, na alisoma upesi kuliko wanafunzi wenye macho yao yote mawili. Kiangazi chote tulifanya hivyo. Plastiki ya shati, karatasi ya sigara, nta, miba na valvu ya kuazima. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini, ingawa furaha nyingine nilizipata nyingi.

Sasa nieleze kosa langu.

Mnajua desturi yetu ugeni unapokuja. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni, na mwaka ule hata mbuzi wa Mkuu alinusurika chupuchupu. Mimi nami niliona kifaa chetu hakiwezi kumpokea mkaguzi na nta ya zamani iliyoanza kuwa na rangi ya moshi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini mama yangu alikuwa amenitumia kwa treni donge la nta ya nyumbani, ya njano, inayonukia, na nilitaka jambo hili kubwa lifanyike kwa nta ya kwetu. Nta ya sokoni ilichemshwa mara tatu na kuchujwa. Hii ya mama ilikuwa imechemshwa mara moja, kwa ajili ya kupaka ngozi na kuziba vibuyu. Nililijua hilo. Mtoto wa mrina asali asijue hilo, nani atajua? Nilijiambia, ya nini kuichemsha tena, hii ni nta ya kwetu. Nikakwangua ya zamani yote, nikapaka mpya.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Asubuhi ya ukaguzi nilikijaribu kwa volti saba. Miba saba ikazama, moja baada ya nyingine, ta, ta, ta, safi kabisa. Kengele ikalia kwamba gari la mgeni limefika. Nikazima, nikakifunika kwa kitambaa chenye maua, nikakimbia kupanga foleni ya kupokea. Sikusubiri kuona miba ikiinuka.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye daftari. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akanivunja nguvu kwa kunisalimia vizuri. Darasa lilisimama, likasalimu, likaketi. Alitazama sanduku, akauliza maswali matatu ya maana, kisha akaomba aunge mwenyewe saketi bila Mwalimu kuambiwa chochote. Akaunga. Mita ya kawaida, ambayo sote tuliiona isipokuwa Mwalimu, ilionyesha volti nne.

Mwalimu akapitisha vidole juu ya sanduku. "Saba," alisema.

Mkaguzi aliandika kitu. Ndipo huko nyuma mwanafunzi mmoja akakohoa. Akakohoa mara nne, kwa mpangilio, na wa pili kando yake naye akakohoa mara nne.

"Hao wanaokohoa nne nne," Mwalimu alisema bila kugeuka, "wakimaliza kipindi waende Kitete wakapimwe kifua. Mimi nimesoma saba, na saba ndiyo iliyoko hapa. Kama mita inasema vingine, basi kimoja kati ya viwili kinaumwa, na tutakitafuta."

Aliweka tena vidole juu ya miba, akavituliza. Nilimwona anakunja uso. Kisha akainua kidole cha shahada na kukiweka karibu na sikio, kama kwamba kingemwambia neno. Kwenye kidole kile, wazi kabisa, alikuwa anatembea sisimizi.

Akamnusa. Nawaapia, alimnusa sisimizi mbele ya mkaguzi. Halafu akashusha pua hadi kwenye sanduku, akanusa tena.

"Ndugu Kalunde, asubuhi ulikijaribu kwa volti ngapi?"

Nilijua kila kitu kwa mara moja. Nilitamani sakafu ya saruji ipasuke. Ningeweza kusema nne, au kusema sikumbuki, na kifaa kikaonekana kibaya kwa asili yake. Lawama ingebaki kwenye plastiki. Vipande vya kioo vingebaki mfukoni. "Saba, Mwalimu," nilisema. "Nilizima nikaondoka, sikuangalia kama zimeamka. Na nta ni mpya. Niliiweka jana. Ni ya kwetu, sikuichemsha tena, ina asali."

Darasa likacheka, na mkaguzi akaweka kalamu chini. Mwalimu hakucheka wala hakunikemea. Aligeukia darasa na kuuliza, asali inafanya nini siku ya mvua? Mkono ukapanda, inanyonya maji ya hewani. Na maji yenye sukari na uchafu yakiwa juu ya nta? Plastiki inaganda. Na ndimi zilizolala asubuhi kwa volti saba? Haziwezi kuamka. Basi tatizo liko kwenye kupima au kwenye kurudi? Kwenye kurudi, waliitikia. Aliwapeleka hatua kwa hatua, akiwataka wamwambie kila mara wanajuaje, huku mimi nimefungua sanduku, nafuta bamba kwa maji ya moto, kisha kwa spiriti, na kulikausha juu ya pasi ya mkaa niliyoletewa mbio kutoka nyumba ya mwalimu wa jirani. Nta ilitoka yote. Sisimizi niliwaacha waende zao, walikuwa wamefanya kazi kuliko mimi. Mkaguzi alikuja kusimama karibu yangu akinitazama, akashika kipande kimoja cha plastiki, akauliza kimetoka wapi. Nikamwambia kwenye shati.

Ndimi zikawekwa tena, bila nta, juu ya plastiki tupu iliyokunjwa mara mbili. Mkaguzi akaunga saketi upya, safari hii akificha mita kwa daftari lake ili wanafunzi wasiione. Mwalimu akagusa. Sita. Mkaguzi akabadilisha. Mbili. Akatoa betri zote kimyakimya. Mwalimu akapapasa matundu yote kumi, akarudia tangu mwanzo, na akasema hapa hakuna kitu, mheshimiwa, labda kama unataka nivumbue. Mkaguzi akafunga daftari. Alishukuru, akala wali na nyama ya mbuzi kwa Mkuu, yule mbuzi hakunusurika mwishowe, akaondoka bila kudokeza lolote.

Somo kwenu, vijana, ni fupi. Chombo kipimeni kwenda na mkipime kurudi. Na kitu kinachofanya kazi vizuri msikipambe kwa ajili ya mgeni.

Nilimwomba Mwalimu radhi jioni ile. Alisema nta imekwisha futwa, sasa nimwandikie mama yangu kumshukuru kwa zawadi na kumwambia ni nzuri sana kwa vibuyu. Lakini sikulala vizuri kwa wiki sita. Nilikuwa nimepata watu wawili walionifundisha kazi, mmoja alibaki bila redio na mwingine huenda akapelekwa kuhesabu majembe, na yote kwa kiburi cha nta ya Bukene. Mwalimu aliendelea kufundisha kila siku kama kawaida. Siku moja nilimkuta peke yake maabara, anapapasa kabati rafu kwa rafu, anataja kila kitu jina. Sikujua kama alikuwa anajifunza mahali vilipo au anaviaga. Sikuuliza.

Barua ilikuja wakati wa mapumziko ya saa nne. Mkuu aliileta mwenyewe, haijafunguliwa, jina la Mwalimu juu. Alimkabidhi, akasimama kidogo, kisha akatoka, nadhani kwa sababu alikuwa muungwana na kwa sababu aliogopa. Mwalimu aliigeuzageuza. Akanipa. "Soma. Usiruke kitu," alisema.

Ilikuwa kurasa mbili, na mwandishi wake hakuwa na haraka. Nilisoma habari za umuhimu wa elimu kwa taifa changa. Nilisoma kwamba mkaguzi alishuhudia kifaa kikitoa jibu lisilo sahihi mbele ya darasa, nikainua macho, akasema endelea. Nilisoma kwamba msaidizi wa maabara alikiri uzembe. Nilisoma neno hata hivyo, nikasimama.

"Hata hivyo nini?"

Hata hivyo, mkaguzi aliona wanafunzi arobaini wakitafuta chanzo cha hitilafu na kukipata, jambo ambalo, barua ilisema, ni nadra kuonekana katika maabara zenye vifaa kamili. Kwa hiyo Mwalimu Mgalula aendelee kufundisha fizikia, vitendo vikiwemo, mradi tu wakati wa vitendo awepo kando yake mtu mwenye macho. Sharti hilo ndilo lililoniweka kando yake miaka tisa iliyofuata, na sijawahi kupewa amri nyingine kazini iliyonipendeza hivyo.

Mwalimu akaniomba nirudie kuanzia hata hivyo. Nikarudia. Akaniomba tena, mara ya tatu, na safari hii midomo yake ilitembea pamoja na yangu, kwa kuwa alikuwa ameishika kwa moyo. Sikufika mwisho. Machozi yakanitoka yakadondoka mezani, karibu na sanduku, na ingawa nilijitahidi nisitoe sauti yeye aliyasikia.

"Ndugu Kalunde," alisema, na ile sauti nzito ilikuwa imelegea kabisa, "machozi yana chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Sogea mbali na ndimi, kidato cha pili wanakuja."

Nilisogea hadi dirishani, nikamalizia kulia huko.